Filamu ya binti mfalme haihitaji jumba la kifalme

Ndugu Mhariri,

Makala ya burudani katika toleo lako la Jumamosi iliyopita ilidai kwamba filamu za mapenzi na vichekesho kuhusu watu wa ukoo wa kifalme wanaojichanganya na watu wa kawaida hazitengenezeki Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa hatuna majumba, misafara wala mavazi ya gharama. Tunaomba nafasi tupinge. Mwandishi aliitaja Roman Holiday ya mwaka 1953 kuwa mfano wa tusichokiweza, na hapo ndipo alipoteleza. Ukiikagua filamu ile tukio kwa tukio utakuta kumbi za kifahari ziko mwanzoni na mwishoni tu. Sehemu kubwa ya dakika zake 118 ni mtaa: ngazi, kinyozi, mgahawa wa nje, kituo cha polisi, ukingo wa mto.

Muongozaji William Wyler aliipiga kiangazi cha 1952, na maandishi ya mwanzo yanatangaza kwamba yote imepigwa na kurekodiwa Roma. Sababu mojawapo ilikuwa pesa. Kampuni ya Paramount ilikuwa na fedha ilizovuna Italia ambazo sheria za huko hazikuruhusu kuzitoa, kwa hiyo ikazitumia hukohuko. Picha ni nyeusi na nyeupe. Audrey Hepburn, aliyecheza binti mfalme, alikuwa na miaka 23 na Hollywood ilikuwa bado haijamjua. Mwenye jina alikuwa Gregory Peck, aliyecheza mwandishi wa habari. Kwa hiyo mkitaja ukwasi, tajeni pia kwamba watu hawa walibeba kamera wakaenda walikoweza kumudu.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Binti mfalme Ann, ambaye nchi yake haitajwi hata mara moja, yuko ziarani Roma na amechoshwa na ratiba. Usiku anapandwa na kilio, daktari anamchoma sindano ya usingizi, naye anatoroka ndani ya gari la mizigo kabla dawa haijamkolea. Mwandishi wa habari Joe Bradley anamkuta barabarani amelala juu ya ukuta mfupi, anashindwa kumwacha, anampeleka chumbani kwake. Asubuhi Joe anachelewa kuamka, anapitwa na mahojiano ya binti mfalme ya saa 5:45, kisha anamdanganya mhariri wake kwamba amefika na amemhoji. Mhariri anamfunulia gazeti: mahojiano yaliahirishwa, binti mfalme anaumwa. Joe anaiangalia picha ya gazetini, kumbe ndiye aliyelala kwake. Anapatana na bosi dola 5,000 kwa habari hiyo ya kipekee, na bosi anaweka dau la dola 500 kwamba hataipata. Utaona, Mhariri, kwamba mwenye kazi yako ndiye anayekosa habari.

Uzito wa kisa uko kwenye hesabu ya uongo. Ann anajiita Anya na kusema ametoroka shuleni. Joe anasema yeye ni mfanyabiashara. Mtazamaji anawajua wote wawili, wao kila mmoja anajua wa kwake, na Joe anajua na wa mwenzake. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa maneno, mwandishi wa skripti achore jedwali lenye safu nne: binti, mwandishi wa habari, mpiga picha, mtazamaji. Kila tukio ajaze nani anajua nini kufikia hapo. Safu mbili zikilingana mapema, kichekesho kimekufa. Tazama tukio la mgahawani: mpiga picha Irving, rafiki wa Joe, anafika, anamkodolea macho Ann, anaanza kusema amefanana na… na Joe anamkatiza kwa teke, kisha kinywaji kinamwagika, kisha Irving mwenyewe yuko chini na kiti chake. Hakuna anayeeleza chochote. Kwetu tukio kama hilo lingepigwa kwa mtindo wa mwanamume kusogea pembeni na kupiga simu: "Oya, ujue huyu ni mjukuu wa chifu!" Halafu angerudia kwa mama yake, halafu kwa rafiki mwingine, wakati mtazamaji alishajua dakika ishirini zilizopita.

Kuna jambo moja ndani ya uongo wa Joe ambalo mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya hawezi kulipita. Anapobanwa aeleze anauza nini, anasema mbolea na kemikali. Roma uongo huo unapita. Hapa haufiki mbali. Mama muuza chai atauliza mbolea ya DAP inauzwaje sasa, dereva wa bajaji atauliza kama urea ya ruzuku imefika, na jamaa wa meza ya pili atataka kujua kama mahindi yake yaliyofika magotini ayawekee mbolea ya CAN sasa au asubiri mvua. Ukitaka kichekesho cha bure kabisa, mpe mwandishi wako wa habari uongo huohuo, halafu mkalishe mgahawani asubuhi ya Desemba. Akijibu kwamba DAP ni ya kukuzia, mgahawa mzima utageuka, maana hata mtoto wa darasa la tano anajua DAP ni ya kupandia.

Tukio la kusomea kazi ni lile la kiatu, mwanzoni kabisa. Ann amesimama akipokea wageni mmoja baada ya mwingine, uso umetulia, mkono unanyooshwa na kurudi. Kamera inashuka chini ya gauni: ametoa mguu kwenye kiatu, anajikuna kwa kidole cha mguu mwingine, kiatu kinaanguka, anakipapasa hakipatikani. Anapokaa, kiatu kinabaki mbele ya kiti, wazi mbele ya ukumbi. Wakubwa wanaomzunguka wanaanza kukiona mmoja mmoja, kwa macho tu, mpaka balozi anamwinua wacheze ili kiatu kirudi mguuni. Tukio limejengwa kwa shoti za aina tatu: uso na mkono, miguu chini ya nguo, macho ya wanaogundua. Hakuna neno hata moja la kumweleza mtazamaji kwamba huyu ni binti aliyechoka.

Lakini msikinakili kiatu. Sherehe ya ukoo huku ina mambo yake. Mkalisheni mrithi kwenye kigoda cha chini, wazee arobaini wapite kila mmoja na "kamwene" yake, salamu ya Kihehe, na kila mmoja ajibiwe kwa utulivu uleule. Kufikia mzee wa kumi na tano mguu umekufa ganzi. Shoti ya kwanza: vidole vya mguu vinajikunja chini ya kitenge. Ya pili: uso haujabadilika. Ya tatu: anaingia mzee ambaye lazima asimamiwe, na shangazi aliyesimama nyuma anaona kwamba binti hana mguu wa kusimamia. Pigeni nyuso zote kwanza, kisha miguu yote kwa pamoja, ili wazee wasikae juani siku nzima. Wakichoka kweli, watakaa kama wamechoka, na hadhi ya sherehe itaondoka. Wekeni pia meza ya sauti: mrekodini kila mzee salamu yake peke yake baada ya kupiga picha, maana uwanjani kuku na watoto hawasubiri.

Pesa ya binti ni kifaa cha hadithi. Ann anatoka kwa Joe na lira 1,000 za kukopa, na matembezi yake yanafungwa na noti hiyo. Mrithi wa kwetu apewe shilingi 10,000 ya kukopa, na mtazamaji aione kila mara inapopungua: ndala Soko Kuu, kinyozi Miomboni, muhindi wa kuchoma. Kosa linalojirudia ni kumpa pochi isiyoisha. Mtu asiyeishiwa chenji hana sababu ya kumhitaji mwenzake.

Mavazi nayo ni somo. Mbunifu wa mavazi Edith Head alipata Oscar kwa filamu hii, na bado kutwa nzima ya mtaani Ann yuko ndani ya sketi na blauzi zilezile. Kinachobadilika ni matumizi: mikono inakunjwa, shingo inafunguliwa, kitambaa kinafungwa shingoni, viatu vinakuwa sandali, nywele zinakatwa. Ukipiga siku kumi na mbili kisa cha siku moja, nunua kitambaa cha nguo tatu kutoka jora moja, siku ileile, kwa muuzaji yuleyule. Ya kwanza ni safi, ya pili ya vumbi, ya tatu ya akiba kwa tukio la maji. Zote tatu zifuliwe mara mbili kabla ya kazi, la sivyo ile inayofuliwa kila jioni itachuja na safi itabaki inang'aa, na kwenye uhariri utaona binti anaingia sokoni na nguo ya samawati na kutoka na ya kijivu. Nywele zina sheria moja: matukio yote ya kabla ya kunyolewa yapigwe kwanza, bila ubishi, na yakaguliwe kwenye skrini kubwa kabla mkasi haujagusa kichwa. Wigi haiokoi shoti ya karibu kwenye upepo wa Iringa.

Shida kubwa kuliko zote, ambayo makala yenu haikuigusa, ni simu. Mwaka 1953 Irving alihitaji kamera ndogo iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi ili ampige picha Ann bila yeye kujua, na uso wa Ann ulikuwa umefika mtaani kwa gazeti na sinema tu. Leo binti akikanyaga Mlandege bila kilemba, picha yake iko kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hajavuka barabara. Wengi hulitatua kwa kumfanya apoteze simu, kana kwamba tatizo ni simu yake. Tatizo ni za wengine. Jibu liko ndani ya filamu yenyewe: ubalozi ulitangaza kwamba binti mfalme anaumwa, kwa sababu kusema ametoroka ni aibu. Ukoo wa kwetu nao hautasambaza picha. Utasema mrithi ana homa, kisha utatuma wazee wanne ndani ya Noah, makoti mazito, wakimtafuta kimyakimya na kukanusha kila wanapoulizwa. Mrithi awe amelelewa nje ya mkoa, na picha pekee inayojulikana iwe ya bango la sherehe, amevaa kilemba na shanga, sura imegeuzwa upande. Hapo mwandishi wa habari ana kitu cha kugundua, na wengine wote wana sababu ya kutogundua.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la Mdomo wa Ukweli, sura ya jiwe kwenye kibaraza cha kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Joe anamwambia Ann kwamba ukiwa mwongo na ukaingiza mkono, mdomo unauma. Waongo wawili wamesimama mbele ya jiwe. Ann anashindwa. Joe anaingiza wake, anapiga kelele, anautoa umekatika. Peck alikuwa ameficha kiganja ndani ya mkono wa koti bila kumwambia Hepburn, na mshtuko unaouona ni wa kweli. Hila ya namna hiyo ina uhai mara moja tu, kwa hiyo kamera ya uso wa binti lazima iwe tayari kabla ya yote.

Sasa, Iringa ina Gangilonga, mwamba juu ya mji ambao simulizi za Wahehe zinasema ulikuwa ukizungumza. Sijui mtayarishaji gani anahitaji zawadi zaidi ya hiyo. Mwandishi wa habari anamwambia binti kwamba mwamba hutaja siri ya mwongo anayeuwekea sikio. Wote wanasita. Binti anasogeza sikio. Nyuma ya mwamba mpiga picha amejibana akitafuta pembe yake, na simu yake inaita. Jiwe linaita! Kwa kazi hii tumieni spika ndogo yenye sauti kubwa iliyofungwa nyuma ya mwamba, msaidizi aipige kutoka mbali, na mwigizaji wa kike aelezwe tukio lote isipokuwa mlio. Mazoezi yafanyike mahali pengine. Kamera mbili: moja usoni kwake, moja pana. Juu pale upepo wa jioni hauna huruma, maikrofoni bila manyoya italeta mngurumo usiosafishika, kwa hiyo vaeni za kufunga kifuani chini ya nguo na mrekodi pia dakika mbili za upepo mtupu wa kufunikia mishono ya sauti. Juni na Julai jua linaondoka yapata saa 12:30 jioni. Kuanzia saa 10:30 mnakuwa na mwanga mzuri wa saa moja na nusu hivi, si zaidi.

Vespa, ile pikipiki ndogo ambayo Ann na Joe wanazunguka nayo Roma, tunaipa nafasi ndogo. Bodaboda ingefaa, lakini kofia ngumu ni ya lazima na inaficha nyuso. Bajaji inaonyesha nyuso na ina kelele. Pigeni mwendo bila maneno, kama Wyler ambaye kwenye msukosuko wa Vespa aliacha muziki na honi vifanye kazi. Maneno machache ya lazima yapigwe bajaji ikiwa imesimama, injini imezimwa, wasaidizi wawili wakiitikisa taratibu.

Sokoni adui ni macho. Mtu akiona kamera atasimama, na nyuma yake watasimama kumi. Kamera ipande ghorofa ya duka la mbele na lensi ndefu, waigizaji washuke wenyewe na maikrofoni za kifuani, na watu wawili wenye kamera kubwa isiyowashwa wajifanye wanapiga kitu kingine upande wa pili wa soko. Kabla ya hapo, kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi, na uongozi wa soko uwe umeelezwa siku na saa. Ndani ya saluni zenye taa za mirija, kamera iwe kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiacha simu ijichagulie, kioo cha kinyozi kitajaa michirizi inayopanda na kushuka na hakuna programu itakayoifuta vizuri.

Msimu: kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndiyo salama kwa kamera. Ila ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa msimu wa mvua. Tumeona skripti yenye mrithi anayelewa ulanzi mbichi mwezi Agosti. Watazamaji wa Kilolo wangecheka mahali pasipokusudiwa. Na ukiipeleka asubuhi ya mahindi na mbolea Desemba, basi panga turubai na siku za akiba, kwa sababu mvua haitafuata ratiba yako.

Kuhusu ukoo, fuateni ujanja wa Wyler wa kutotaja nchi. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini heshima haikufutwa, na Kalenga, makao ya zamani ya chifu Mkwawa wa Wahehe, si mbali na mjini. Ukitumia jina la Mkwawa, ambaye fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954 linahifadhiwa hapo, unawajibika kwa wazee na kwa historia, na kichekesho chako hakitapumua. Buni ukoo, buni kilima. Kisha mpe mrithi kitu cha kumrudisha chenye saa: tambiko la kesho asubuhi ambalo bila yeye halifanyiki. Bila mamlaka ya kidola, hiyo ndiyo taji yake.

Mwisho usiguswe. Ann anarudi ubalozini kwa hiari, na tangu hapo anawaamuru waliokuwa wakimwamuru. Joe hauzi habari. Kwenye mkutano na waandishi kila mmoja anajua uongo wa mwenzake, lakini wanazungumza kwa lugha ya itifaki. Irving anamkabidhi Ann bahasha ya picha kama ukumbusho wa ziara. Watayarishaji wengi wangeongeza harusi. Wakiongeza, basi dola 5,000 alizoziacha Joe hazikuwa na bei, na Ann aliondoka nyumbani bila kupoteza kitu. Kama mtayarishaji anaogopa watazamaji watalalamika, akumbuke kwamba mwisho huohuo mchungu haukumzuia Hepburn kupata Oscar yake.

Tuzo nyingine ilikuwa ya kisa, na hapa kuna neno kwa wachapishaji wa mabango ya Bongo Movie yasiyo na jina la mwandishi. Kisa kilibuniwa na Dalton Trumbo, aliyekuwa amepigwa marufuku Hollywood kwa sababu za kisiasa. Jina lililoandikwa ni la mwenzake Ian McLellan Hunter. Trumbo alifariki mwaka 1976. Akademia ilimpa Oscar hiyo mwaka 1993. Peck, kwa upande wake, ndiye aliyetaka jina la mgeni Hepburn liwekwe juu pamoja na lake.

Tukio la mwisho linahitaji ukumbi mrefu wenye sakafu ngumu, bila zulia, ili nyayo za Joe zisikike anapoondoka peke yake. Kumbi za aina hiyo zipo Iringa, na siku za katikati ya wiki hukodishwa kwa bei nafuu. Linahitaji pia mstari wa waandishi wa habari. Wyler aliweka waandishi wa kweli waliokuwa wakifanya kazi Roma, wakajitambulisha kwa majina na magazeti yao. Hao unao wewe, Mhariri. Tukipata ukumbi tutakuomba wanane, wenye vitambulisho vyao, kwa nusu siku. Wasiangalie kamera, na simu wazime.

Wapiga picha na wahariri wa video,
Miomboni, Iringa